Namna ya Kuwa Tabibu

Nawaomba kwanza mfikiri jambo moja. Mtoto akishikwa na homa usiku, na asubuhi mama yake akambeba mgongoni mpaka zahanati, humkuta huko mtu aliyevaa koti jeupe, ameketi nyuma ya meza. Mama humwitaje mtu huyo? Humwita "daktari." Nami nikienda humwita vivyo hivyo, kwa kuwa ndiyo desturi yetu. Walakini mara nyingi mtu yule si daktari, ni tabibu. Na tabibu ana cheo chake mwenyewe, na mafunzo yake, na cheti chake, na mipaka yake. Tena yuko mtu wa tatu, ambaye naye huvaa koti jeupe, wala si daktari wala si tabibu. Leo nitawasimulia habari za watu hao, na hasa za yule wa pili, maana ndiye ambaye wengi wetu wa vijijini twamkabidhi watoto wetu, na ndiye ambaye wanafunzi wengi watamani kuwa.

Mimi mwenyewe si mganga. Ni mwalimu wa chuo cha ualimu, na kazi yangu ni kuwafundisha watu kufundisha. Walakini babu yangu mzaa mama alikuwa dresa, yaani mfunga vidonda, zamani za Waingereza. Na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliumizwa mguu kwa sindano ya mtu asiyejua kazi. Kwa ajili ya hao wawili nimeichungua habari hii kuliko ilivyompasa mwalimu.

Na tuanze na babu. Katika miaka ya 1920 Serikali ya Tanganyika iliona kuwa waganga wake ni wachache mno, tena karibu wote wakaa mijini. Ndipo ikaanza kuwafundisha vijana Waafrika waliojua kusoma na kuandika, ili wakae katika zahanati ndogo ndogo chini ya serikali za wenyeji. Uganda nako, chuo cha Mulago kilianza mwaka 1924 kuwafundisha wasaidizi wa waganga, na Nairobi chuo chao kilianza mwaka 1927. Lakini dresa wa kijijini hakufundishwa mambo mengi. Alifundishwa kuosha kidonda na kukifunga, kuchemsha vyombo, kutoa dawa chache, kuandika daftari, na kumtambua mgonjwa mzito ili apelekwe hospitali. Babu alipotueleza kazi yake hakujisifu kwa maradhi aliyoyaponya. Alijisifu kwa daftari lake, ambalo lilikuwa safi, na kwa kuwa hakupata kumpa mtu dawa ambayo yeye hakuruhusiwa kuitoa. Nilipokuwa mdogo niliona hayo ni majivuno madogo sana. Sasa sioni hivyo.

Kuna jambo moja la nyakati zile ambalo latutawala hata leo. Ugonjwa wa buba ulikuwa umeenea mno, watu wakawa na vidonda usoni, miguuni na mikononi, wengine hawakuweza kulima. Kisha ikaja sindano ya buba. Vidonda vilivyokaa miezi vilikauka kwa muda mfupi, mtu akaona kwa macho yake ngozi yake inarudi. Habari zikaenea kijiji kwa kijiji, watu wakatembea mbali kuifuata sindano, na wengine waliokuwa hawajapata kukubali dawa ya Wazungu hata siku moja wakajipanga foleni. Tangu hapo watu wakaamini ya kuwa dawa iliyo dawa kweli ni ile inayopita katika ngozi. Mpaka leo mgonjwa akipewa vidonge hurudi nyumbani akinung'unika, "Hawakunichoma hata sindano." Neno hilo dogo limemtajirisha yule mtu wa tatu.

Sasa sikilizeni habari ya mguu. Mwaka 2011 mpwa wangu alikuwa na miaka minne. Homa ilimshika katika majira ya mvua, na mto ulikuwa umejaa kati ya kijiji na zahanati. Upande huu wa mto palikuwa na duka la dawa, na mwenye duka alizoea kuitwa "dokta," ijapokuwa hakuna aliyepata kuuliza alisomea wapi. Dada yangu akampeleka mtoto kwake. Yule bwana akamchoma kwinini takoni. Jioni ile mtoto hakuweza kusimama sawasawa, na kesho yake akawa anaburuta unyayo wa kulia kama mtu aliyefungwa jiwe.

Siku ya tatu maji yalipopungua wakavuka. Tabibu wa zahanati alimlaza mtoto kitandani, akamwambia auinue unyayo wake; mtoto akajaribu, unyayo haukuinuka. Yule tabibu hakupiga kelele wala hakulaumu mtu. Alichukua karatasi, akachora tako, akaligawa mafungu manne kwa mistari miwili, akamwonyesha dada yangu. "Mama," akasema, "hapa pote unapita mshipa mkubwa wa fahamu, ule unaoupa mguu nguvu. Fungu hili la juu upande wa nje ndilo lenye salama. Na kwa mtoto mdogo, afadhali paja. Sisi hatukuruhusiwa kumgusa mgonjwa kwa sindano mpaka tumejibu swali hili." Akaandika barua ya rufaa, mtoto akapelekwa hospitali ya wilaya, akafanyizwa mazoezi ya mguu miezi mingi. Alipata nafuu, lakini hakupona kabisa. Hata leo akichoka utasikia kiatu chake kinakwaruza chini. Mwenye duka alifunga duka lake majuma mawili, kisha akalifungua katika kijiji kingine. Tena yafaa mjue ya kuwa muuza duka la dawa muhimu hana ruhusa ya kumchoma mtu sindano, hata kama anajua, hata kama mgonjwa anamwomba.

Basi tofauti ya yule mwenye duka na yule tabibu haikuwa koti, wala umri, wala wema wa moyo. Ilikuwa ni mchoro wa mafungu manne. Mmoja alifundishwa, akaulizwa, akapimwa; mwingine aliona tu watu wakichoma.

Sasa nitaeleza njia ambayo kijana wa Tanzania huipita mpaka awe tabibu. Mlango wake wa kwanza hauko chuoni. Uko katika shule ya sekondari. Miongozo ya miaka hii yasema kwamba aombaye kusomea utabibu awe amemaliza kidato cha nne, naye amefaulu masomo yasiyopungua manne, na katika hayo lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Masomo ya dini hayahesabiwi katika yale manne. (Nasema hivi bila kuidharau dini; nimelelewa na misheni mimi. Lakini nimewaona wazazi wakihesabu masomo kwa vidole, nao wameyahesabu na hayo, kisha wakashangaa mtoto wao amekataliwa.) Kufaulu Hisabati na Kiingereza humwongezea mwombaji nafasi.

Hapa nina manung'uniko yangu ya kialimu, nami nitayasema. Katika shule nyingi mwanafunzi akifika kidato cha tatu huruhusiwa kuyaacha masomo mengine, na somo linaloachwa kwanza ni Fizikia. Kijana wa miaka kumi na mitano, au kumi na sita, huiacha kwa sababu mwalimu ni mkali, au rafiki yake ameiacha, au shule haina mwalimu kabisa. Hakuna anayemwambia siku ile, "Mwanangu, umeufunga mlango wa utabibu." Miaka miwili baadaye huja kwetu na cheti kizuri cha Historia na Kiswahili, akasema moyo wake watamani kuwahudumia wagonjwa. Moyo huo ni wa kweli, lakini chuo hakiwezi kuupokea. Wazazi, ulizeni habari ya Fizikia mapema. Ulizeni na habari ya Hisabati pia, maana tabibu akitaka baadaye kwenda chuo kikuu awe daktari, miongozo ya vyuo vikuu imekuwa ikitaka awe na wastani mzuri katika stashahada yake, tena awe amefaulu Hisabati, Fizikia, Kemia, Baiolojia na Kiingereza katika kidato cha nne. Alama iliyodharauliwa utotoni humngojea mtu mbele.

Mlango wa pili ni kuchagua chuo. Viko vyuo vya Serikali, kama vile vya Mtwara, Musoma, Kilosa na Mafinga. Viko vya mashirika ya dini. Viko vya watu binafsi, ambavyo aghalabu ada yake ni kubwa. Chuo cho chote hakina budi kusajiliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ambalo watu huliita kwa kifupi NACTVET. Kila mwaka Baraza hilo hutoa kitabu cha mwongozo chenye majina ya vyuo, masomo yao, sifa zitakiwazo na idadi ya nafasi. Mzazi asiuze ng'ombe wala shamba kabla hajaliona jina la chuo katika mwongozo wa mwaka ule ule. Jengo zuri na bango kubwa barabarani si ushahidi. Na mtu anayekuhimiza ulipe leo kwa kuwa kesho nafasi zitakwisha, huyo ndiye wa kuulizwa maswali mengi.

Mafunzo yenyewe ni ya miaka mitatu. Mwaka wa kwanza mwanafunzi hujifunza mwili: mifupa, damu, moyo, mapafu, ini, na vijidudu viletavyo maradhi. Mwaka wa pili huingia katika magonjwa yenyewe. Anayeishia hapo akiwa amefaulu hupata astashahada, naye huwa tabibu msaidizi. Anayeendelea na kuumaliza mwaka wa tatu hupata stashahada, naye ndiye tabibu kamili. Daktari, yeye, husoma chuo kikuu miaka mitano, kisha hutumika mwaka mzima chini ya usimamizi. Yafaa tuzijue hesabu hizo, si kwa kumdharau mtu, bali ili tujue kila mmoja amebeba mzigo wa kiasi gani.

Msidhani kwamba miaka mitatu ile ni ya vitabu tu. Sehemu yake kubwa hupita wodini na zahanati, mwanafunzi akitazama kwanza, kisha akifanya huku akitazamwa. Na jambo la kwanza analofundishwa si sindano. Ni kuuliza, kutazama, kugusa na kusikiliza. Nitawapa mfano mmoja, maana ulinistaajabisha nilipoelezwa.

Mama huleta mtoto mwenye kikohozi. Kikohozi chaweza kuwa mafua tu, nacho chaweza kuwa nimonia, ugonjwa wa mapafu uuao watoto wengi wadogo. Tabibu wa zahanati aghalabu hana mashine ya kupiga picha ya kifua. Afanyeje? Humwambia mama amtulize mtoto, amnyonyeshe akitaka, kisha humfunua nguo, akatazama kifua kikipanda na kushuka, saa mkononi, akahesabu. Huhesabu dakika nzima, si nusu dakika mara mbili, kwa kuwa mtoto hapumui kwa mwendo mmoja. Mtoto wa miezi 2 mpaka asiyetimiza mwaka, pumzi zikifika 50 au zaidi katika dakika, hizo ni za haraka. Mtoto wa mwaka 1 mpaka asiyetimiza miaka 5, ni 40 au zaidi. Tena hutazama kama sehemu ya chini ya kifua yabonyea ndani mtoto avutapo pumzi. Kisha huuliza: Je, aweza kunywa au kunyonya? Hutapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea, au ni vigumu kumwamsha? Likipatikana hata moja katika hayo, mtoto huyo si wa kurudishwa nyumbani na chupa ya dawa. Hupewa dawa ya kwanza hapo hapo, akapelekwa mbele upesi. Haya yote hayatumii kitu ila macho, masikio na saa, na mtu aliyefundishwa asifanye haraka.

Pia hufundishwa kukataa, na naona hilo ni gumu kuliko kuchoma. Homa si malaria siku zote. Tabibu huchukua tone la damu kidoleni, akalitia katika kipimo kidogo, akangoja kama robo saa. Kipimo kikisema hakuna malaria, yampasa atafute sababu nyingine, wala asitoe dawa ya malaria kwa ajili ya kumridhisha mgonjwa. Hapo ndipo maneno huanza. Mgonjwa husema, "Nimetembea kutwa nzima, nawe wanipa maneno!" Wengine hutoka hapo wakaenda moja kwa moja kwa yule wa duka, ambaye hajapata kumkatalia mtu kitu maadamu ana fedha.

Baada ya mitihani mtu hupewa cheti cha chuo. Wengi hufikiri kwamba hapo safari imekwisha, sivyo. Cheti chasema tu kwamba fulani amesoma, akafaulu. Ili aruhusiwe kutibu, jina lake lazima liingizwe katika daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2017, naye apewe leseni. Jina lililoingizwa laweza kufutwa, mwenye jina akivunja miiko ya kazi. Hiyo ndiyo maana ya daftari lile. Mwenye duka wa kwetu hakuogopa kufutwa, kwa sababu hakuwa ameandikwa po pote. Alihama kijiji tu. Kenya nao wana baraza lao la matabibu, ambalo lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1988, na kijana wa huko akimaliza chuo hutumika kwanza mwaka mmoja chini ya usimamizi.

Labda mtu ataniuliza, "Kwa nini nchi isiweke madaktari watupu, ikawaacha matabibu?" Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba tulipopata uhuru mwaka 1961 madaktari wetu wenyewe walikuwa 12 tu. Nchi yenye madaktari 12 isingeweza kungoja. Ikafundisha waganga wasaidizi wa vijijini na wasaidizi wa waganga, ambao jina lao lilibadilishwa baadaye wakaitwa matabibu. Na kwa miaka mingi tabibu mwenye uzoefu aliweza kurudi chuoni miaka miwili, akawa daktari msaidizi. Hao madaktari wasaidizi ndio waliowapasua kina mama wengi walioshindwa kujifungua katika hospitali za wilaya. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha kazi zao na za madaktari katika upasuaji wa namna hiyo, na haukuona tofauti kubwa kwa mama wala kwa mtoto. Nimewasikia watu wa mjini wakisema kwamba tabibu ni daktari wa maskini. Wasemao hivyo hawajapata kukaa ng'ambo ya mto wakati wa mvua.

Hata hivyo tabibu ana mipaka, na tabibu mwema huijua. Babu yangu, pamoja na uchache wa mafunzo yake, aliijua mipaka yake kama mtu ajuavyo mpaka wa shamba lake. Barua ya rufaa si alama ya kushindwa. Ni kazi aliyofundishwa, kama kuhesabu pumzi. Nanyi mna haki ya kumwuliza anayewatibu, kwa adabu, jina lake na cheo chake. Mtu aliyesajiliwa hatakasirika. Atawajibu, na pengine atafurahi kuulizwa.

Yule mpwa wangu amekua. Alipofika kidato cha tatu, wenzake kumi na wanane waliiacha Fizikia. Yeye akabaki, wakawa wanafunzi saba na mwalimu mmoja wa kujitolea. Hakupata alama za kung'aa, walakini alizipata zilizotakiwa, na sasa yuko mwaka wa kwanza katika chuo cha utabibu. Majuzi alinipigia simu usiku. "Shikamoo, Mjomba," akasema, "leo wametupeleka wodi ya watoto." Nikamwuliza, "Marahaba, mwanangu. Wamekwisha kukupa sindano?" Akacheka. Akasema bado, wala hajui lini. Kutwa nzima walihesabu pumzi. Alipata 38 kwa mtoto wa miaka miwili, msimamizi akahesabu akapata 44, akamwambia arudie. Akarudia mara tatu, mama wa mtoto akimtazama, mpaka hesabu zao zikalingana.